Bendera Isiyokauka

Jioni aliyofariki baba nilitumwa dukani kununua bafta na kafuri. Alikata roho baada ya alasiri, na kwa kuwa tropa, askari wa serikali, hawataki kuona watu barabarani usiku, mwalimu Ibraimo alisema tumwoshe na kumvisha sanda mapema, kisha tumzike alfajiri. Mwalimu Ibraimo ndiye mwosha maiti wetu hapa Quionga. Mkono wake mwepesi, mdomo wake mzito, na mwosha hutakiwa awe hivyo. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Akianza kuitangaza, nani atamfungulia tena mlango?

Mimi sina mdomo mzito. Nalisema mapema, msije mkanidhania mtu wa heshima zake. Ndimi Chaquir, mwana wa Abdurrazaque, yule wa museu. Ukifika Quionga ukaulizia nyumba yenye vitu vya vita, yeyote atakuonyesha kwetu. Baba alikusanya tangu ujana wake: vifungo vya makoti ya askari, maganda ya risasi, dira iliyokufa, tarumbeta lenye tundu. Lakini hivyo vyote vilikuwa mchuzi. Wali wenyewe ulikuwa bendera.

Ilikuwa bendera ya chombo cha vita cha Mjerumani, ya vita vile vya zamani, Mjerumani na Mreno walipogombea mdomo wa Ruvuma. Nyeupe, ina msalaba mweusi, katikati ndege, na kwenye pembe ya juu rangi tatu: nyeusi, nyeupe, nyekundu. Baba aliitandaza ndani ya kabati la kioo chumbani kwake. Ilikuwa kubwa, ungeweza kumfunika mtu mzima toka utosini hadi vidole vya miguu. Aliyeileta nyumbani ni babu, na aliyekuwa akiwasimulia wageni namna alivyoileta ni mimi. Nilisema babu aliogelea gizani na kisu mdomoni, akapanda mlingoti, akaikata Wajerumani wakiwa wanakoroma. Kisu nilikiongeza mimi. Baadaye nikaongeza na papa. Wageni walimpenda sana yule papa.

Baba alikuwa akikaa pembeni kwenye kiti chake, ananisikiliza, ameinamisha uso. Nilidhani ni unyenyekevu.

Jambo moja sikuwaambia wageni. Bendera ile haikukauka. Iwe masika, iwe kiangazi, ukigusa upindo wake vidole vinarudi na unyevu wa chumvi. Baba aliiwekea vipande vya kafuri, akasema ni kwa ajili ya nondo. Chumba chake chote kilinuka kafuri na pwani iliyokupwa.

Siku chache kabla hajafa aliniita, akanishika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa hauna nyama tena.

"Chaquir. Irudishe bendera."

Nikamuuliza niirudishe wapi. Akasema minazini, kwenye makumbi, kule nyuma ya ufuo. Nikamjibu ndiyo baba, nitaipeleka, tulia. Nikamvutia shuka hadi kifuani. Sikuipeleka. Jumamosi walikuwa wanakuja wageni wakubwa kutoka Palma, watu wa gesi, pamoja na mtu wa televisheni, nami nilikwisha kununua shati. Nikajiambia mgonjwa anaweweseka.

Basi jioni ile nikaenda dukani kwa Dalila. Alinipimia bafta kwa ukarimu, akavuta kipande cha ziada, akasema marehemu alikuwa mrefu. Akanipa kafuri ndani ya plastiki. Nilipotoka jua lilikuwa linazama. Kwenye barabara kubwa kuna kizuizi cha tropa, na mimi nilikuwa nimeacha kitambulisho nyumbani. Nikakata njia ya minazini.

Kuna lundo la makumbi ya nazi kule, la miaka na miaka, limeota majani. Nilipolikaribia, nikasikia maji yanadondoka.

Tone... tone... tone...

Hapakuwa na mvua.

"Assalaam alaykum."

Ilikuwa sauti ya chini, ya mtu mwenye haya. Nikaona kichwa na mabega nyuma ya makumbi. Kijana mweusi kama mimi. Nywele zimelowa, mchanga umemganda shingoni. Alikuwa amejibana kama mtu aliyeibiwa nguo akiwa anaoga mtoni.

"Ndugu yangu," akanong'ona, "nisitiri."

Akanyoosha mkono kuelekea ile bafta.

Siku hizi huku kwetu mtu akikusimamisha porini hujui ni mkimbizi, ni mwizi, au ni wale jamaa wa msituni wanaochoma vijiji. Hilo ndilo nililojiambia. Lakini mwenzangu alikuwa uchi, na mimi nilikuwa nimevaa suruali, juu yake nimefunga kikoi kwa sababu ya msiba. Ningeweza kukifungua kile kikoi nikampa. Wazo lilinijia, sisemi halikunijia. Ila kilikuwa kipya.

"Hiki cha maiti," nikasema.

Alikitazama kitambaa kwa muda.

"Najua. Hata mimi nilikuwa nacho."

Nikaondoka. Sikukimbia, ila miguu yangu ilikuwa na haraka kuliko mimi. Nilipoiona taa ya nyumbani ndipo nikakumbuka kuwa sikuitikia salamu yake. Mtu amenitolea salamu kamili, nami nimempita kama kisiki. Harufu ya kafuri ilikuwa imenifuata njia nzima. Nikadhani inatoka kwenye mzigo wangu. Nikainua ile plastiki nikainusa. Ilikuwa imefungwa vizuri, haitoi harufu yoyote.

Baada ya magharibi tukamwosha baba, mwalimu Ibraimo na mimi, chumbani mwake, pazia limeshushwa, kabati la kioo ukutani. Hapakuwa na la ajabu. Mwalimu akakata sanda kwa mkasi wa shangazi, vipande vitatu. Akamvisha, akafunga kamba kichwani, kiunoni na miguuni. Baba akawa mweupe, ametulia. Nikalia kwa mara ya kwanza siku ile. Kisha tukabeba ndoo, tukatoka mlango wa nyuma kumwaga maji shimoni.

Tuliporudi, sanda ilikuwa sakafuni.

Haikutupwa. Ilikunjwa. Kipande juu ya kipande, na zile kamba zimewekwa juu yake.

Baba alikuwa amelala uchi wa mnyama.

Nikafungua kikoi changu haraka nikamtupia. Kikakaa kidogo. Halafu kikaanza kwenda... polepole... upande wa miguuni, kikaporomoka chini. Nikakirudisha. Kikaporomoka tena. Nilipoinama kukiokota nikaona mchanga kwenye saruji. Mchanga wa pwani, mbichi.

Nilidhani mwalimu Ibraimo atanikemea, ataniuliza kuna mchezo gani hapa. Hakunitazama mimi. Alitazama kabati.

"Funga mlango," akanong'ona.

Tukamvisha tena. Mwalimu akapiga mafundo juu ya mafundo, akisoma. Tukakaa kila mmoja upande wake, tunamkodolea macho. Tulipomtazama, sanda ilitulia. Nje nilisikia wanawake wanauliza kama wanaweza kuingia kumuaga. Upepo ukapita chini ya mlango, koroboi ikafifia, ikawaka tena.

Vipande vitatu, vimekunjwa. Kamba juu yake.

Nasema kweli, sikuanza kwa kuogopa. Nilianza kwa kuona aibu. Baba yangu alikuwa mtu wa kuvaa koti hata jua likiwa kali, mtu ambaye mimi mwanawe wa kumzaa sikuwahi kumwona kifua wazi hadi alipougua. Sasa amelala vile, na watu wote wa Quionga wako nyuma ya ubao wa mlango.

"Mwite Mariamo," mwalimu akasema.

Shangazi Mariamo ni mdogo wake baba, mwanamke ambaye ulimi wake unaweza kufua nazi. Aliingia, akaurudishia mlango nyuma yake, akasimama nje ya pazia. Hakuuliza tumemwitia nini.

"Imekataa, siyo? Sanda imekataa."

Kisha akanisimulia, kwa sauti ya chini, waombolezaji wasisikie. Babu hakuogelea popote. Hapakuwa na kisu wala mlingoti. Wakati wa vita vile nguo ziliadimika, watu walivaa magunia na magome ya miti, na bibi alikuwa hatoki ndani kwa sababu hakuwa na cha kujifunga. Siku moja mizinga ya Mreno ikaipiga lanchi ya Mjerumani mdomoni mwa mto. Mabaharia waliosalimika wakafika ufuoni na mwenzao mmoja amekufa. Hakuwa Mzungu. Alikuwa kijana wa Lindi, mtoto wa Kiislamu, aliyetafuta riziki kwenye vyombo vya watu. Sanda ya kumzikia hawakuwa nayo. Wakachukua bendera ya lanchi wakamfunga nayo, wenzake Waislamu wakamsalia, wakamchimbia minazini kwa mikono, wakakimbia. Babu alikuwa amejificha anawatazama. Akangoja wapotee. Halafu akafukua.

"Hakuwa mtu mbaya," shangazi akasema. "Alikuwa na mke uchi ndani. Lakini alipoifikisha nyumbani akaogopa bibi yako asije akaonekana nayo na Mreno. Akaitia kashani. Kitambaa kile hakikumsitiri mtu hata mmoja, Chaquir."

Nikamwuliza ameyajuaje yote haya.

"Baba yetu alizikwa uchi. Mume wangu ndiye aliyemwosha. Walimfunika mkeka wakamshusha, watu wakadhani ana sanda ndani. Baba alimwambia yote mume wangu, naye akanisimulia siku yeye mwenyewe anakata roho."

"Na baba alijua?"

"Unadhani alikuwa anainamia nini, ukiwahubiria watu huyo papa wako?"

Nilitamani sakafu inimeze. Shangazi akauliza taratibu kama kaka yake aliwahi kuniagiza kuhusu bendera. Nikaokota kikoi changu sakafuni. Akauliza tena. Nikasema ndiyo, aliniagiza. Nilimsikia akivuta pumzi nyuma ya pazia. Nilingoja anitukane. Angenitukana ningepata nafuu.

Watu wakaambiwa hali ya marehemu hairuhusu kumuaga. Mlango ukafungwa. Mwalimu Ibraimo akakesha na baba, na mimi nikaambiwa kazi yangu: adhana ya alfajiri ikilia tu, bendera iende kwa mwenyewe, na ifike kabla jeneza halijainuliwa.

Adhana ilipolia mwalimu alitoka kwenda kutawadha. Nikabaki peke yangu na baba. Nikafungua kabati. Bendera ilikuwa nzito kuliko siku zote, maji yanatoka kwenye pindo. Nikaikunja. Mkasi wa shangazi ulikuwa bado pale kwenye kiti.

Nikawaza Jumamosi. Nikawaza mtu wa televisheni amesimama mbele ya kioo kitupu. Nitakuwa nani mimi? Fundi simu mwenye tarumbeta lenye tundu. Na bendera ilikuwa kubwa vile. Ile pembe ya rangi tatu haizidi leso, haimfuniki mtu popote. Maiti hapimi kitambaa.

Nikakata.

Kutoka kitandani nikasikia pumzi... ndefu... kama ya mtu aliyechoka kungoja.

Sikugeuka. Nikatia ile pembe mfukoni, nikatoka na bendera kifuani.

Minazini kulikuwa na ukungu. Nilisikia matone kabla sijaliona lundo. Alikuwa pale pale, amejibana vile vile, na sikuweza kumtazama. Nikaiweka bendera juu ya makumbi, nikampa mgongo, kama unavyompa mgongo mtu anayevaa.

"Wa alaykum salaam," nikasema. Nilikuwa nimechelewa usiku mzima.

Nikasikia kitambaa chenye maji kikikunjuliwa. Kikizungushwa. Kikivutwa. Ilichukua muda mrefu, kama mtu anayejifunga, anafungua, anajifunga upya. Harufu ya kafuri ikanijaa puani hadi machozi yakanitoka.

Kisha kitambaa kikatulia.

Kisha baridi, nyuma ya shingo yangu.

"Imepungua."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema kama mtu anayemsikitikia mwenzake.

Mkono wangu ulikuwa tayari mfukoni, vidole vimeishika ile pembe. Ningeitoa. Wallahi ningeitoa. Lakini kuitoa ni kugeuka, na kugeuka ni yeye kuuona uso wangu. Niliona haya. Mtu aliyekaa uchi miaka yote ile kwa ajili ya ukoo wetu, na mimi ndiye niliyeona haya.

"Ndivyo ilivyokuwa," nikasema.

Nilipogeuka hapakuwa na bendera wala mtu. Mchanga nyuma ya makumbi ulikuwa laini, hauna hata alama ya kaa.

Nyumbani mwalimu Ibraimo alinipokea mlangoni, uso wake umefunguka. Akasema amemvisha tena, na sanda imekubali. Aliipa mgongo, akaenda, akarudi, imetulia. Nikaingia kumwona baba. Ilikuwa imetulia kweli. Ila haikumfika miguuni.

Ni bafta ile ile aliyonipimia Dalila kwa ukarimu. Ni kipimo kile kile alichokata mwalimu mwenyewe, na jioni ilimfunika baba ikabaki ya kufungia fundo. Sasa iliishia kwenye vifundo vya miguu. Mwalimu akaivuta chini, kichwa kikatoka nje. Akaipandisha, nyayo zikatoka. Akaenda hivi, akaenda hivi, jasho linamtoka. Halafu akaacha, akanitazama.

"Umepeleka yote?"

"Yote."

Alinitazama kidogo tena. Akavua kilemba chake akazungushia nyayo za baba. Kikateleza. Akaleta mkeka.

Nilikuwa mmoja wa waliompokea baba kaburini, nami nikapewa upande wa miguu. Nilizishika nyayo zake kwa mikono hii. Zilikuwa zimelowa, na katikati ya vidole mlikuwa na mchanga. Baba hakuwa amekanyaga pwani tangu magoti yalipomshinda. Niliinua uso nikaona watu wananitazama kwa huruma, wanadhani nalia msiba.

Jumamosi wageni walifika. Niliwaonyesha vifungo, dira, tarumbeta. Mtu wa televisheni akaulizia bendera, na hadithi ya papa. Nikamwambia hapakuwa na papa. Akadhani nataka kubembelezwa. Ile pembe ilikuwa mfukoni mwa shati langu jipya, na sikuitoa. Walipoondoka, Yasmin mke wangu akaniuliza nimemwagikiwa na nini kifuani.

Tangu hapo nikilala shuka halinifiki miguuni. Yasmin amenunua kubwa zaidi, akashona mawili pamoja, ni kazi bure. Alfajiri naamka nyayo zimekuwa baridi, na kwenye godoro kuna mchanga. Mwalimu Ibraimo tukikutana hunisalimu vizuri, hunijulia hali ya nyumbani, halafu macho yake hushuka miguuni kwangu. Hasemi kitu. Ni mwosha.

Kila jioni jua likizama naenda minazini na ile pembe mkononi. Sijifichi tena. Naiweka juu ya makumbi, nageuka, nangoja. Nikigeuka tena iko pale pale nilipoiacha. Najua hajaenda popote, maana matone nayasikia upande wa pili wa lundo, karibu kabisa.

Namtolea salamu. Kamili, kwa sauti, kama inavyotakiwa.

Haitikii.